Siku Nilipoandika Kwamba Shahidi Hana la Kusema

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya chama pale Tunduma nilipewa kazi ya kupanga viti. Nilikuwa nimevaa shati jeupe la kuazima kwa shemeji yangu, nikidhani nitakaribishwa mezani. Katibu wa chama wa mji, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye karani mpya?"

"Ndiyo, mzee."

"Viti kumi na viwili. Ukimaliza kaa pale pembeni na kalamu yako. Leo tunamjadili mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa tawi aliyemtukana mwanachama mwenzake sokoni, mbele ya watoto wake. Kumjadili maana yake alikuwa ameitwa mbele ya Kamati ya Maadili, yaani wanachama wachache waliochaguliwa kuwasikiliza na kuwapima wanachama wenzao wanapokosea. Mimi nilikuwa na darasa la saba na mwandiko mzuri. Huo mwandiko ndio ulioniajiri, wala sijawahi kujidai kwamba kilikuwepo kingine. Chama chenyewe sitakitaja. Ninayosimulia yanaweza kutokea katika chama chochote, na sipendi mtu asome akitafuta rangi ya bendera.

Nje malori yalikuwa yamepanga foleni ya mpakani, madereva wakipiga honi, wanunuzi wa mahindi wakibishana na Wazambia kwa Kiswahili na Kibemba kwa mpigo. Tulifunga dirisha ili tusikilizane. Mjumbe mmoja akasimama akaanza, "Kwa kweli huyu shemeji yangu..." Katibu akapiga meza.

"Shemeji yako yuko nyumbani kwako! Ndani ya kikao hakuna shemeji wala mkwe. Kuna mjumbe, kuna mtuhumiwa, kuna shahidi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Katibu."

"Na wewe karani, andika kilichosemwa. Usiniandikie kilichofikiriwa."

Maneno hayo niliyanakili nyuma ya daftari langu usiku ule ule nikayafuata kazi yangu yote. Hata leo sidhani kama yalikuwa mabaya. Pale mjini, ambako kila mtu ana shemeji yake kwenye kila ofisi, yalituokoa mara nyingi.

Nieleze kidogo kazi ilivyokuwa, maana vijana wa sasa wanaomba hukumu kwenye kundi la WhatsApp kabla barua haijaandikwa. Malalamiko lazima yaje kwa maandishi na yawe na jina la mlalamikaji. Mtuhumiwa anapelekewa barua ya tuhuma na kupewa siku za kuandaa utetezi. Siku ya kikao tunahesabu akidi, ndiyo idadi ya wajumbe inayotosha kuamua. Mashahidi wanaingia mmoja mmoja. Adhabu nazo ni ngazi: onyo, karipio, kusimamishwa, kuvuliwa uongozi, na ya mwisho kabisa kufukuzwa. Yote yanaingia kwenye muhtasari, na muhtasari ule si kitu mpaka kikao kinachofuata kiusome na kuuthibitisha. Hapo katikati unakuwa mikononi mwa katibu tu. Niliambiwa hivyo siku nyingi, lakini sikuelewa ni mzigo wa namna gani.

Kutoka Tunduma nilipelekwa Hasamba kuwa katibu wa kata. Watu wa Hasamba walikuwa wakulima, na vikao vyao vilingoja mvua ikatike. Nilikaa kwa amani. Kesi kubwa niliyoikuta ilikuwa ya mweka hazina aliyekuja kikaoni amelewa, naye alikiri kabla hajaulizwa, akatuchekesha, akapewa onyo. Sifa nilizopata pale hazikuwa zangu. Zilikuwa za watu wale.

Kisha nikahamishiwa Ileje, kata moja ya milimani, mwendo wa Hiace kutoka Itumba. Kuna baridi ya kukufanya ulale na koti. Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili alikuwa mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu, mtu asiyeinua sauti. Diwani wa kata alikuwa kijana kwake, miaka arobaini hivi. Diwani yule alikuwa mchapakazi na lazima niliseme hilo. Gari lake ndilo lilikuwa la wagonjwa. Bomba la maji lilipokatika alishuka mtaroni na jembe, nilimwona kwa macho yangu.

Nilikuwa na miezi minne pale barua ilipoletwa na Tumaini, katibu wa wanawake wa tawi. Alikuwa fundi cherehani, mumewe akifanya kazi ya malori huko Tunduma. Aliandika kwamba alikuwa anajiandaa kuchukua fomu ya udiwani wa viti maalumu. Diwani akamwambia jina lake halitarudi kutoka juu mpaka amfuate gesti, Itumba, wazungumze vizuri. Alikataa. Tangu hapo haitwi kwenye vikao. Barua ilikuwa fupi, haina hata tusi moja.

Nikafanya kila kitu kwa utaratibu. Siku ya kikao nilifungua kwa kusoma lile neno la bosi wangu wa zamani, kama nilivyozoea: ndani ya kikao hakuna shemeji wala mkwe. Niliona wajumbe wawili wanatazamana. Nilidhani wamependa.

Diwani akajitetea kwa utulivu. Alisema ni chuki za kugombea. Kisha nikamwita Tumaini. Aliingia amejifunika kanga mpaka kwenye paji, akakaa kiubavu, uso ukutani.

"Shahidi," nikasema, "eleza kamati ulichoandika."

Kimya.

"Barua hii ni yako?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Basi eleza. Ulikutana naye wapi? Alisema nini?"

Kimya. Mwenyekiti naye alikuwa ameinamia karatasi zake, wala hakuniokoa. Mara ya tatu nilipouliza, Diwani akacheka kidogo. "Wajumbe, mnaona wenyewe. Uongo unaandikika, kuutamka ndiyo kazi."

Nikaandika: *Shahidi alipoulizwa mara tatu hakuwa na la kusema.* Mwandiko ulikuwa mzuri. Kamati ikaona tuhuma hazina ushahidi, na ikapendekeza Tumaini asimamishwe uanachama kwa kumchafua kiongozi. Akisimamishwa, fomu hachukui. Kabla sijafika kwangu, kundi la WhatsApp la kata lilishamwita mwongo, na mtu mmoja aliuliza kama mumewe anajua mkewe anaota gesti. Waliweka na vikaragosi vya kucheka.

Siku ya tatu nilikuwa nateremka njia ya kwenda kwenye Hiace. Tumaini alikuwa mbele yangu na ndoo kichwani. Kutoka chini akaja Mwenyekiti na fimbo yake. Tumaini alipomwona tu akaacha njia, akaingia kwenye mahindi, akashusha ndoo, akageuza mgongo na kujifunika kichwa. Mzee akapita akitazama upande wa pili, kana kwamba mahindi yale hayana mtu. Alipokwisha pita mbali, mama wa watu akarudi njiani, ndoo kichwani, matope mpaka magotini.

Nikamfikia.

"Mama, yule ni nani kwako?"

"Katibu, unaniuliza leo? Ni baba mkwe. Mdogo wake baba wa mume wangu."

Kwa familia za zamani za milima ile, mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wala ndugu zake, hali chakula mbele yao, hataji hata majina yao. Kwetu Nanyala nako heshima ya mkwe ipo, ila tumeshailegeza, tunasalimiana kwa mbali. Nilikuwa nimesahau kwamba ya wenzetu bado imekaza.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja niseme nini? Wewe mwenyewe ulisoma kwamba humo ndani hakuna mkwe. Nikasema basi, Katibu anajua, ameamua iwe hivyo." Akaweka ndoo vizuri. "Tangu niolewe sijawahi hata kunywa maji mbele ya yule mzee. Nianze na habari za gesti?"

Sikupanda Hiace. Nilikwenda kwa Mwenyekiti nikamkuta anapalilia migomba. Nilitaka kumlaumu, na ukweli ni kwamba nilitaka pia apatikane wa kubeba kosa langu.

"Mzee wangu, kwa nini hukuomba kutoka?"

Aliegemea mpini wa jembe. "Nitoke niseme natoka kwa sababu gani? Nimtaje mkwe wangu mbele ya wanaume? Na nikitoka, Diwani atasema nimemkimbia ili wenzangu wammalize. Nikabaki. Nikaomba Mungu yule binti aseme upesi yaishe." Akafuta jasho. "Hukuona, Katibu? Sikuinua macho hata mara moja."

Nilikuwa nimeona. Nilidhani anasoma.

Kikao cha kuthibitisha muhtasari kilikuwa baada ya wiki mbili. Wiki hizo mbili nililala vibaya. Muhtasari wangu haukuwa na uongo hata nukta moja. Aliulizwa mara tatu, hakujibu. Nikifungua jambo lililokwisha kuamuliwa, wilayani watasema katibu ameshika upande, na mimi nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu. Nilimwuliza mke wangu. Akasema, "Wewe unaniuliza ili nikuambie nyamaza. Sikwambii."

Siku yenyewe, Mwenyekiti aliposema, "Ukurasa wa pili, una marekebisho?" nikasimama.

"Nina marekebisho mimi mwenyewe. Nimeandika kwamba shahidi hakuwa na la kusema. Hilo sikulijua, nilikisia. Ninachokijua ni kwamba hakusema. Na hakusema kwa sababu niliitisha kikao ambamo hawezi kusema, kwa heshima ya nyumba alikoolewa. Kosa ni langu. Naomba asikilizwe upya."

Diwani, aliyekuja kusikia muhtasari ukithibitishwa, akainuka. "Mwenyekiti, muhtasari ni wa yaliyosemwa! Leo tunaanza kuthibitisha yaliyonyamaziwa?"

Alikuwa ananisomea neno la bosi wangu mwenyewe. Aliyejibu ni mjumbe mwanamke pekee tuliyekuwa naye, mama mmoja muuza ulezi.

"Diwani baba, mkweo wewe akiwa ameketi hapa, ukaambiwa ueleze ulichomfanyia mwanamke, utamtazama usoni?"

"Mama, mimi sijamfanyia mtu..."

"Sijakuuliza hilo. Nimekuuliza utamtazama?"

Diwani akakaa. Jibu tulilijua sote, na mama yule akageukia wajumbe: "Na sisi tulinyamaza tukidhani Katibu ana sheria yake ya Tunduma. Tusimwachie kosa peke yake."

Mwenyekiti akavua miwani. "Makamu, shika kiti. Mimi natoka." Tumaini, niliyekuwa nimemwita, alikuwa anangoja nje ya mlango mkubwa, kwa hiyo mzee hakuweza kupitia pale. Akapitia stoo, akaruka mifuko ya mbolea na umri wake ule, mjumbe mmoja akimshika mkono, tukamsikia anakohoa vumbi mpaka nyuma ya nyumba. Hakuna aliyecheka.

Tumaini akaingia. Safari hii alikaa ametutazama. Alisema siku, alisema maneno, alisema nani alikuwa karibu: mwanamke wa mgahawa aliyewapa chai, naye akaitwa akathibitisha. Hakulia wala hakuongeza chumvi. Alipoulizwa anataka Diwani afanywe nini, alisema, "Nataka ifutwe kwamba mimi ni mwongo. Hayo mengine ni yenu."

Diwani akasema alikuwa anatania. Makamu akamwuliza kama utani ule angeutania mbele ya mume wa Tumaini. Alikaa kimya, nami nikaandika: *hakujibu.* Basi. Sikuongeza neno.

Pendekezo la kumsimamisha Tumaini lilifutwa. Diwani alipendekezwa avuliwe uongozi. Ngazi ya juu ya chama ikapunguza ikawa karipio kali na kutogombea uchaguzi uliofuata. Wapo waliosema ni kidogo, wapo waliosema ni nyingi. Mimi sikuwa na kura, na nashukuru. Barua ya kumsafisha Tumaini niliiandika mwenyewe nikaisoma kwenye mkutano wa wanachama wote, kwa sababu WhatsApp haisomi barua. Alichukua fomu. Hakushinda. Alishindwa kwa kura, na ndivyo alivyotaka, kushindwa kwa kura.

Sasa nimestaafu, nipo Nanyala kando ya barabara kuu, nalima kahawa kidogo na kuandika daftari. Vijana wanaokuja kuniuliza kazi hii nawaambia chama kisichowapima watu wake hakina haki ya kuipima serikali. Nawaambia pia kwamba kabla hujamwita mtu aseme, uliza nani ameketi chumbani. Halafu wakishaondoka nawaza ni mara ngapi, Tunduma na Hasamba, niliandika sentensi ile ile kwa mwandiko mzuri, na hakukuwa na shamba la mahindi la kunionyesha. Sina njia ya kujua.

Mwaka jana Diwani yule alisimamisha gari hapa kwangu akielekea Mbeya. Amezeeka kidogo. Tukanywa chai, akanisifia kahawa, tukaongea bei ya mbolea. Alipokuwa anaaga akashika mlango wa gari.

"Katibu, sikulaumu. Ila kuna kitu kimoja. Siku ile angekuwa ni mimi niliyekosa la kusema, ungerudi kuuliza kwa nini?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Sijui," nikamwambia.

Akanitazama, akatikisa kichwa taratibu. "Na hilo uliandike," akasema, akawasha gari.

Nimeliandika.