Jibu Refu la Lorna Pruski

Lorna Pruski hakuwahi kufundisha darasani. Alikuwa mwandaaji wa mafunzo ya wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha nyama hapa mjini Green Bay, Marekani, na katika fani yetu watu wamegawana kazi: mmoja anaandika somo, mwingine anachora, mwingine anatia sauti. Lorna alikuwa mtu wa mitihani. Tulimwita Bi Maswali, naye hakukasirika. Wafanyakazi walijibu kwenye kompyuta kwa kuchagua jibu moja kati ya kadhaa, karibu wote wakapata mia kwa mia, na bosi akatembea kifua mbele.

Jumapili moja, mdogo wake Glenn, aliyeajiriwa karibuni kusafisha mashine za kusaga nyama, alikuja kwake kula supu ya booyah. Akaanza uchokozi mapema.

"Dada, mtihani wako nimeufanya huku natazama mechi ya Packers. Mia kwa mia."

"Somo ulisoma lini?"

"Nisome ya nini? Jibu sahihi ni lile refu, siku zote. Kiwanda kizima tunajua. Nyie tu ndio hamjui."

Lorna aliweka kijiko chini. Ilikuwa kweli. Kwa kuwaogopa wanasheria wa kampuni, kila jibu sahihi alikuwa amelijaza "iwapo" na "isipokuwa". Yale ya uongo aliyaandika mbiombio, mafupi.

"Haya, niambie. Kabla hujaingiza mkono kwenye mashine, unafanyaje?"

"Naizima."

"Halafu?"

"Halafu naingiza mkono. Mbona unaniangalia hivyo?"

Hakutaja kufuli. Ukishazima, unafunga swichi kwa kufuli lako na ufunguo unautia mfukoni, ili mwingine asije akaiwasha mkono wako ukiwa ndani.

Jumatatu asubuhi, kabla ya zamu ya Glenn, Lorna alimwambia bosi kwamba mtihani wake haufai kitu. Kila mtu aonyeshe kwa vitendo mbele ya mashine, na asiyeweza asiiguse. Mimi nilimwona mjinga. Nani anajichongea hivyo? Bosi alikubali shingo upande. Waliofeli walikuwa wengi, Glenn akiwemo, wakapewa mafagio mpaka wajifunze.

Jioni Glenn alipiga simu, amefura.

"Umeniaibisha, dada. Watu wazima wananicheka."

"Waache wacheke. Simu umeishika kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Kwani vipi?"

"Nimeuliza tu," alisema Lorna.