Moyo wa Mama na Beseni la Maji

Juzi, kwenye kliniki moja Homa Bay, nilimwona muuguzi akimwinamisha mgonjwa uso katika maji ya barafu, nikakumbuka alasiri moja kwetu Rangwe. Moyo wa mama ulikuwa ukienda mbio hata gauni likatetemeka kifuani. Dani, nyanya yangu, alimzamisha uso katika beseni la maji ya mtungi yaliyonukia udongo.

“Dani, unamuua mama!” nililia, nikimvuta leso.

“Nyamaza, nyathina, mtoto wangu. Naushika moyo wake.”

Mama aliinuka akitweta, maji yakimchuruzika, moyo umetulia. Sasa najua baridi usoni huamsha mishipa ya fahamu, nayo huupunguzia moyo kasi. Siku ile nilimpapasa mama mashavu yote mawili, nikiutafuta moyo ulikohamia.