Fundi wa Saa Aliyeomba Nywele

Kabla hujacheka, nikuambie kwamba sinywi pombe, hata tonto ya harusini sionji, na siku hiyo sikuwa na homa. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, na mengine, ashakum si matusi, niliyaonja kwa ulimi huu huu. Kama unakula, weka sahani pembeni kwanza. Mimi mwenyewe nikifika katikati huwa natema mate, unisamehe.

Nasuka na kunyoa nywele hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Nilitoka Butembo na mtoto mgongoni, binti yangu Masika, ambaye sasa yuko darasa la nne. Saluni yangu ilikuwa chini ya lile jengo lenye mnara wa saa, mlango unaoangalia soko. Lilijengwa na tajiri mmoja wa kahawa aliyetaka kila anayeshuka mlimani na gunia kichwani ainue macho aione saa yake. Tajiri akafa, saa nayo ikafa, popo wakahamia juu. Nani aliihitaji? Kila mtu ana simu.

Halafu akaja fundi. Sisi Wakongomani alituambia ametoka Kasese, na watu wa Kasese akawaambia ametoka Butembo. Mtu safi, shati limenyooka, viatu vinang'aa hata siku ambayo matope ya soko yanafika kifundoni. Alipanda mnarani, na kesho yake saa ikaanza kutembea na kugonga. Mwenye jengo, mtoto wa yule tajiri, alifurahi mno, maana fundi hakutaka malipo yoyote. Aliomba kitu kimoja tu, na alikuja kuniomba mimi.

“Mama Masika, ile nywele unafagia, usitupe. Miye nitaitumia.”

“Ya nini?”

“Ya kazi, Mama.”

Nikadhani anajaza mito. Nikampa mfuko mzima. Aliufungua, akaingiza pua ndani, akavuta pumzi ndefu huku amefumba macho. Nywele za watu! Zina mafuta, zina mba, zina jasho la soko! Niligeuza uso, lakini nikajisemea, haya, uchafu ninaohangaika kuuchoma kila jioni, huyu anaubeba bure.

Ikafika siku ya mwisho ya likizo. Unajua shule zetu, mtoto haingii darasani na nywele, lazima kichwa king'ae. Akina mama walijipanga mpaka barabarani. Masika alikuwa na misuko ya likizo, niliyomsuka mwenyewe kwa uzi mwekundu. Nikaikata, nikamnyoa, nikaita anayefuata. Kwetu mtoto huondoka na nywele zake mkononi, asije mtu akamloga nazo, lakini katika vurugu ile nani angekumbuka? Fundi akapita, akabeba mfuko, akasema mersi, akapanda zake.

Jioni Masika alikuwa anakula fufu na sombe. Saa ikagonga, mtoto akakabwa. Kila ikigonga, anaziba mdomo, macho yanamtoka. Niliingiza vidole kooni, nikashika kitu, nikavuta. Unywele. Nikavuta, unakuja, nikavuta, bado unakuja, umelowa na una joto. Kwenye ncha yake kulikuwa na kipande cha uzi mwekundu.

Nesi alimulika koo, akasema ni safi kabisa. Tulikuwa hatujavuka hata mlango wake saa ikagonga tena, Masika akapiga magoti. Siku zilizofuata hakumeza hata chai. Mwanangu alikuwa anakauka mbele yangu, na huko nje watu wanaisifu saa!

Nikasema leo ni leo. Mchana mmoja mvua ikinyesha, nilichukua wembe wangu nikapanda mnarani. Kinyesi cha popo nilikitegemea. Lakini ile harufu ya nywele zilizolowa mate, wewe, acha tu. Huko juu hakukuwa na chuma hata kimoja, naamini vyuma vilishaibwa zamani. Magurudumu ya saa yalikuwa ya nywele tupu, zimesukwa zikakazwa, zinameta mafuta, zinazunguka polepole. Fundi alikuwa amekaa juu ya jerikeni. Anachota nywele mfukoni, anatia mdomoni, anatafuna, na pembeni mwa mdomo unatoka msuko. Na uliniudhi zaidi kwa sababu ulisukwa vizuri kuliko wangu.

“Karibu, Mama,” akasema mdomo umejaa. “Ya mutoto wako iko nguvu sana. Hiyo njo inatembeza saa yote.”

“Nipe nywele za mwanangu.”

“Ikitoka, saa inakufa.”

“Na ife! Kwani nilikuomba saa mimi?”

“Batoto beko mingi, Mama. Utazala ingine.”

Hapo nikaona giza. Niliukamata ule msuko wenye uzi mwekundu nikauvuta kwa nguvu zote. Ukamtoka tumboni, na yeye akakabwa vilevile kama Masika, anaziba mdomo, makamasi yanamtiririka. Nilipotaka kuukata, wembe ukaniteleza kwa yale mate yake, ukadumbukia gizani. Na upande wa pili msuko ulikuwa umefungwa kwenye gurudumu. Wewe ungefanya nini? Niliuma. Bikira Maria ni shahidi wangu, niliuma kwa meno, nikatafuna mate ya yule kiumbe, na mafuta, na mba za vichwa nisivyovijua, mpaka ukakatika. Vipande vingine vilishuka kooni. Ptuu!

Saa ikanyamaza. Nilipoinua macho, fundi hayupo. Palibaki viatu vyake vinavyong'aa, vimejaa nywele hadi juu.

Nilichoma msuko wa Masika nyuma ya jiko, na jioni hiyo alikula sahani mbili. Mwenye jengo alinifukuza kwa kumharibia saa yake. Sijali, siku hizi nasukia barazani kwa rafiki yangu.

Lakini vile vipande nilivyomeza havijaisha. Nakunywa chai, nakabwa, natoa unywele. Mara una mvi, mara umetiwa dawa. Nautupa motoni, nasukutua, nalia kwa kinyaa. Wiki iliyopita ulitoka mwingine, laini, wa mtoto, una uzi wa kijani. Mimi sijawahi kusuka mtoto kwa uzi wa kijani. Na wachuuzi wanaotoka Kasese wanasema kuna saa huko iliyokufa siku nyingi, sasa inatembea, na fundi wake hataki malipo.

Kwa hiyo ukimpeleka mtoto kunyolewa, usimwache hapo ukaenda sokoni. Fagia mwenyewe, choma mwenyewe. Na kama likizo hii ulimsuka mwanao kwa uzi wa kijani, na saa ikigonga anaziba mdomo, usipoteze muda kwa nesi. Panda huko juu. Na ubebe nyembe mbili.