Wageni Wasio na Mwenyeji, Nyacheki

Watu wa Nyacheki hawakunipenda, nami sikuwapenda. Naanza hapo kwa sababu wahubiri wengi wakisimulia safari zao husema walipokewa kwa nyimbo. Sisi tulipokewa na mbwa.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Kanisa letu la Wasabato lilinituma kutoka Ekerenyo pamoja na mjane mmoja, mkubwa kuliko mamangu, tukahubiri nyumba kwa nyumba kwenye kilima ambacho karibu kila boma lilikuwa la Wakatoliki. Naibu wa chifu alituonyesha jiko bovu tulale humo, akatuambia waziwazi kwamba mgeni asiye na mwenyeji hana tofauti na mwizi. Ikifika Jumapili na hakuna boma lililosema hawa ni wageni wetu, turudi tulikotoka na kazi ife.

Boma la kwanza tuliliharibu wenyewe. Mama mwenye nyumba, mwanamke mrefu mwenye macho makali, alituchemshia chai ya maziwa mengi, ile anayopewa mgeni wa heshima. Sisi tulifundishwa kwamba chai ni mwiko sawa na pombe, na hadi leo siinywi. Nikasema hatunywi. Kisha nikaongeza kwamba ni sumu mwilini, nami nimekaa mlangoni pa mkulima wa chai. Alichukua vikombe vyote viwili akavimwaga uani, polepole.

"Sumu yangu inasomesha watoto," akasema. "Dini yenu inasomesha nani?"

Habari zilipanda kilima kabla yetu. Kila tulikopita milango ilifungwa, na watoto walitufuata wakituzomea. Mvua ilinyesha kila alasiri, jiko likavuja, kuni zikalowa chepechepe. Mwenzangu alikohoa, akaimba, akakohoa tena, na kuimba kwake kulinikera kuliko mvua. Alinikumbusha kwamba subira huvuta heri. Nilimjibu kwamba hapa inavuta mafua tu, na kwamba Mungu mwenyewe angeomba kuhamishwa Nyacheki.

Jumamosi asubuhi, Sabato, tukiwa tumejikunyata bila moto, yule mama akaingia bila kubisha hodi. Mtoto wake mdogo alikuwa mgongoni, anaungua kwa homa. Siku hiyo ndiyo lori la majani chai lilikuwa linakuja kituoni kuchukua mavuno, mumewe alikuwa kibarua Kericho, na kila jirani alikuwa shambani mwake akihangaika na majani yake. Alitaka tukamchumie.

Nilimwambia leo ni Sabato, hatushiki kazi. Alinitazama kama mtu anayetafuta fimbo. Hapo mwenzangu akainuka, akijishika kiuno.

"Kuchuma hatuchumi, mwanangu," akamwambia. "Lakini mgonjwa hutunzwa hata Sabato. Tuachie mtoto."

Yule mama alisita. Kisha akamfungua mtoto, akamweka mikononi mwangu, si mwa yule mjane.

"Akifa, nitakuua," akasema, akaenda zake. Sikudhani anatania.

Kutwa nzima nilimpangusa kwa kitambaa chenye maji na kumnywesha kijiko kwa kijiko. Niliomba pia, ingawa nakiri nilikuwa nikimwogopa mama yake kuliko Mola. Alasiri mwili wake ukaanza kupoa. Akanikojolea, akalala kifuani kwangu. Nililia hapo, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani. Kumbe tumaini lilikuwa bado limo ndani yangu, na lilinuka mkojo.

Jumapili naibu wa chifu alikuja na wazee, tayari kutusindikiza barabarani. Vifurushi vyetu vilikuwa vimefungwa. Majirani walisimama kando wakingoja kucheka. Yule mama akapenya katikati yao, mtoto mgongoni.

"Mimi siwapendi hawa," akawaambia wazee. "Wametukana chai yangu mlangoni pangu. Lakini mtoto wangu ni mgonjwa na wao ndio wanaomtunza. Ni wageni wangu mpaka apone."

Naibu wa chifu alimchungulia mtoto, aliyekuwa akitafuna ndizi mbivu na kumpiga mamake mateke ya furaha. Akauliza atapona lini.

"Sijui," yule mama akasema. "Huenda ikachukua miaka."