Komeo ya Cowboy

Hapa Kayole, Nairobi, ng'ombe utaiona tu ikiwa imening'inia kwa buchari. Lakini cowboy tuko naye. Anaitwa Mulama, fundi wa kuchomelea mageti hapo karibu na Spine Road, na kofia yake ni kubwa hadi mvua ikinyesha watu wawili wanajikinga nayo. Akitembea na hizo buti za mtumba za Gikomba, utadhani ameshuka farasi saa hii. Farasi gani? Juzi mbuzi ya jirani ilimkimbiza mpaka akapanda juu ya tangi ya maji.

Jumapili anachomeka flashi kwa spika na ploti nzima inahamishwa Marekani kwa lazima. Albamu ni moja tu, ya country, ya dada fulani mwenye sauti ya kukwaruza kama ameamka na homa. Gitaa inalia, Mulama analia. Wimbo namba nne ndio humwangusha kabisa: anafunga macho, anashika kifua, ananyoosha shingo kama jogoo ya kuchinjwa. Kizungu yake ni ya kuulizia bei ya mabati, lakini kwa hiyo ngoma alikuwa ameshika maneno mawili, "mlango" na "wazi". Zilimtosha.

"Huyu dada anamwambia bwanake karibu nyumbani," alikuwa akiwaambia wasee wa mtaa. "Hiyo ndio mapenzi, si hizi kelele zenu."

Na huyo huyo fundi wa mageti, mlango ya nyumba yake ilikuwa inafungwa na kamba. Bibi yake, Triza, aliomba komeo hadi mate ikamkauka. "Wiki ijayo, mama." Basi Jumapili moja Triza akatoka kumpokea mamake steji, anafika kutoka Bungoma, kuku ya mgeni iko mezani. Mbwa ya mtaa ikasukuma mlango, ikapanda meza, ikala kuku yote kando ya Mulama. Yeye alikuwa kwa namba nne. Aliskia mifupa ikivunjika, akadhani ni ngoma.

Triza akaingia na mamake, wakakuta mifupa tu. Alikunja nguo zake, akageuza na mamake, wakaenda kwa dadake Elsie huko Donholm.

Bila Triza, ugali ya Mulama ilitoka uji. Akavaa kofia, akabeba spika, akawafuata.

"Shemeji, leo umekuja na mbwa ama uko pekee yako?" Elsie akamuuliza kwa mlango.

"Nimekuja na wimbo. Niitie bibi yangu."

Mama mkwe akahamia jikoni, kwa heshima na pia apate kucheka vizuri. Mulama akaweka namba nne. Triza akaskiza yote, mikono kifuani.

"Umeskia?" Mulama akasema, machozi ikimlenga. "Mlango uko wazi! Ni mimi nakuambia hivyo."

"Mulama, huyo dada anafukuza bwanake. Anasema mlango uko wazi, toka, na kofia yako ubebe."

Jikoni sufuria ikaanguka.

"Na venye ulikuwa unaimba nayo kila Jumapili?" Mulama akauliza.

"Si nilikuwa nakuimbia wewe."

Mulama akavua kofia. Ilikuwa mara ya kwanza Elsie kuona kipara yake.

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Huyo dada angalau ako na mlango ya kufukuzia mtu. Mimi niko na kamba."

Mulama akarudi Kayole, akachoma chuma usiku na mchana. Mlango ikatoka nzito kama ya benki, komeo tatu. Jumamosi Triza akakuja, mfuko mkononi, akaigonga, akaisukuma, akaingia kujaribu komeo kutoka ndani. Kwa! Mulama akabaki nje akitabasamu, anangoja sifa. Kwa! Ya pili. Kwa! Ya tatu. Halafu spika ikaanza huko ndani: namba nne, sauti yote.

Okinyi wa kibanda ya chai akapita. "Niaje Cowboy. Umefungiwa?"

"Zii. Nangoja wimbo iishe."

Ikaisha. Komeo haikusonga. Ikaanza tena, na chini ya mlango harufu ya kuku ikatoka. Ile mbwa ikakuja polepole, ikaketi kando ya Mulama, nayo ikangoja.