Fundo Chini ya Boneti

Tulikuwa wanne. Mimi, binti yangu wa mwisho, mimba yake imetimia, mumewe, yaani mkwe wangu, na jirani wa ghorofa ya chini, Mkongo anayenunua nguo soko la Zhanqian huku ugenini tunakoishi, ambaye kwao Lubumbashi alikuwa fundi magari. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao pia. Shule sikusoma sana, lakini majina hayanipotei. Humu tu siyaandiki.

Mtoto wa kwanza wa binti yangu alizaliwa ndani ya teksi, kwenye foleni, na hakulia. Tangu siku ile binti aliapa hapandi teksi tena. Siku ikifika, atapelekwa hospitali kwa gari la mumewe, lile kuukuu la kubebea mizigo ya soko la Shahe.

Basi gari likaanza kutetemeka. Likienda, halina neno. Likisimama kwenye taa, linatikisika kama mtu mwenye homa, mngurumo unapanda na kushuka, kisha linazima. Siku ya kwenda kliniki lilituzimia mara mbili kwenye barabara ya Huanshi Zhonglu, mabasi yanatupigia honi nyuma. Binti kashika tumbo. Mimi nilimwona yule mtoto wa kwanza mbele ya macho yangu.

Mkwe akabadilisha plagi. Wapi! Akasafisha chujio la hewa. Likazidi.

Sasa niseme langu. Wiki moja kabla gari halijaanza kutetemeka, nilikuwa nimefunga mvuje, ule utomvu wa harufu kali wa kufukuza husuda, kwenye kitambaa cheusi, kama tunavyowakinga wajawazito kwetu, nikauficha chini ya boneti, nikaukaza kwa uzi kwenye mpira mmoja mwembamba. Mkwe wangu hataki mambo hayo, huyaita shirki. Nami kila gari lilipozidi kutetemeka nilijua ni jicho la mtu, nikashuka kwa siri, nikakaza fundo jingine.

Ijumaa baada ya sala mkwe akamwita Mkongo. Mkongo akawasha gari, akainama, akasikiliza.

"Mama, sikia. Iko nafanya fiii. Moteur iko navuta mupepe ya pembeni."

Moteur kwao ni injini, na mupepe ni upepo. Akachukua maji ya sabuni, akawa anadondoshea mpira mmoja baada ya mwingine. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio kuliko hiyo injini. Alipofika kwenye mpira wangu, maji yakafyonzwa ndani na gari likatulia, kidogo tu, kisha likaanza tena kutetemeka.

Akavuta kitambaa cheusi. Harufu ikatupiga sote.

"Aah! Nani alifunga huyu mgonjwa shingo?"

Mkwe akanitazama. Binti akanitazama. Ningeweza kunyamaza.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa namlinda mwanangu."

Uzi ulikuwa umeukata ule mpira mkavu, ufa wa kuingia ukucha. Injini ilikuwa ikivuta hewa isiyopimwa, akasema Mkongo, ndiyo maana gari likisimama inapaliwa. Mkwe akaenda kununua mpira mpya. Ulipofungwa, gari likaunguruma taratibu, glasi ya maji aliyoiweka Mkongo juu ya boneti haikutikisika.

Nilidhani kitambaa changu kitatupwa jalalani. Mkwe alikiokota, akakifuta mafuta, akanirudishia mkononi.

"Mama, linda mtu. Gari niachie mimi."

Jumatatu asubuhi uchungu ukaanza. Taa nyekundu zilitukamata tano, na kwenye kila moja nilifumba macho nikingoja lizime. Halikuzima. Mtoto alilia hadi wauguzi wakacheka.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Mafundo nadhani yalikuwa matatu. Binti anasema manne. Na taa huenda zilikuwa sita, maana macho nilikuwa nimeyafumba. Mliokuwepo, nisahihisheni, msinionee haya kwa uzee wangu.