Nilivyomfundisha Baba Aljebra

Mwaka jana nilirudi Karatu kuzika. Aliyefariki alikuwa jirani yetu wa zamani, mama wa Kiiraqw aliyekuwa akituletea maziwa mgando kwenye kibuyu nilipokuwa mdogo. Mazishi yalipokwisha niliwaaga wenzangu, nikapanda peke yangu kwa miguu hadi kule ilikokuwa kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa. Nilikwisha kuambiwa kwamba kambi haipo, lakini nilikwenda. Nilikuta ukuta, geti, na bustani ya hoteli ya watalii. Pale ulipokuwa mlango wetu, kwa kukisia nikiutazama mlima, pamewekwa viti vyeupe vya kuotea jua. Nikasimama nje ya ukuta, nikamkumbuka baba amechuchumaa mahali pale pale, ana kijiti mkononi, anaandika hesabu mavumbini.

Kisa hiki sijawahi kumsimulia mtu, rafiki yangu, hata wanangu. Nivumilie, nikueleze taratibu.

Sisi tulikuwa watu wa Singida. Baba na mama walikuja Karatu kwa lori kabla sijazaliwa, kutafuta kibarua cha kahawa, wakapewa chumba kimoja na jiko la nje, na humo ndimo nilimokulia. Mama hakuwahi kuihama Singida moyoni mwake. Wageni wakija na unga wa uwele kutoka nyumbani, alisonga ugali na kupika mlenda, na siku hiyo baba alikula bila kuzungumza, mpaka sahani ikang'aa. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro, ukajaa kati ya nyumba hata usione choo kilipo. Nilichota maji, nikafagia ua, nikawasha moto kwa matawi makavu ya mibuni, kisha nikaenda shule pamoja na wenzangu kwa kundi, kwa sababu nyati walikuwa wakilala kwenye vichaka vya njiani. Msimu wa mavuno harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha ilituingia kwenye nguo na nywele. Mpaka leo nikikutana nayo mahali popote, husimama nikatafuta inakotoka.

Baba alikuwa kwenye kikosi cha kupuliza dawa. Alibeba bomba mgongoni kutwa nzima, akipita mstari kwa mstari katika mibuni, na jioni alirudi na rangi ya buluu ya mrututu, dawa ya mibuni, kwenye kucha na kwenye kola ya shati. Wakati huo hatukujua habari za kuziba pua wala kuvaa miwani. Wapulizaji walifunga kitambaa usoni, basi. Walikohoa, na kukohoa kwao kulikuwa sehemu ya sauti za kambi, pamoja na majogoo na kinu.

Kusoma, baba alijifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na aliipenda elimu yake ndogo kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Alisoma kila kilichoandikwa: magunia, kalenda ya kanisani, hata kipande cha gazeti kilichofungiwa chumvi. Alisoma kwa sauti, taratibu, akikifuata kila neno kwa kidole. Mama alikuwa akisema, "Baba yako akikutana na herufi, huisalimu kwanza."

Nilipokuwa darasa la sita, miaka ile ya shida baada ya vita, sabuni adimu na daftari adimu, fundi mkuu wa kiwanda cha kumenyea kahawa alikuja kwetu jioni moja. Alisema mwendesha mtambo wa kiwandani anazeeka, na shamba litampeleka mfanyakazi mmoja Arusha kujifunza kazi ile. Yeye angependa awe baba, kwa sababu baba alikuwa mtulivu na hakunywa. Lakini kutakuwa na jaribio la hesabu. Akatoa karatasi yenye orodha ya mambo yatakayoulizwa. Baba aliisoma kwa kidole hadi chini, akasimama kwenye mstari wa mwisho.

"Aljebra," akasema. "Hii ndiyo nini?"

Fundi mkuu akacheka. "Hata mimi nilishaisahau. Muulize binti yako, wao wanafundishwa."

Kwa kweli tulikuwa tumeianza wiki ile ile. Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa kijana aliyevaa shati moja kwa wiki nzima, safi siku zote, na chaki zilipokwisha aliandika kwa udongo mweupe wa mtoni. Alikuja darasani na mizani aliyoitengeneza kwa fimbo na makopo mawili. Akachukua viberiti viwili, akatia maharage ndani bila sisi kuona ni mangapi, akaviweka upande mmoja pamoja na maharage matatu ya wazi. Upande wa pili aliweka maharage kumi na moja, na viberiti viwili vitupu kufidia uzito wa vile vya kwanza, ili asionekane anadanganya. Fimbo ikatulia. "Katika kila kiberiti kuna maharage sawa," alisema, "lakini hatujui ni mangapi. Hilo tusilolijua tunaliita eksi. Sasa ukitoa huku, toa na kule." Akaondoa matatu huku na matatu kule, yakabaki manane kwa viberiti viwili. Darasa zima tukasema kwa pamoja, "Manne." Akafungua kiberiti, yakawa manne kweli. Nilijisikia kama niliyeonyeshwa siri ya wakubwa.

Siri hiyo nikaipeleka nyumbani. Kila siku baba alipotoka kazini, akiisha kunawa na kunywa uji, tulitoka nje kukiwa bado na mwanga, nami nikamfundisha niliyofundishwa. Mizani aliichonga mwenyewe, nzuri kuliko ya mwalimu. Lakini herufi ilimtesa.

"Mimi herufi nazijua," alisema. "Kila moja ina sauti yake. Sasa hii ekisi," hivyo ndivyo alivyoitamka, "inakaaje kundi moja na namba?"

"Ni jina tu, baba. Ni namba ambayo hatujaijua."

"Jana ilikuwa nne. Leo unasema ni saba. Huyu mtu hana msimamo."

Mama alicheka huko jikoni, nami nikacheka. Baba alicheka pia, kisha akarudi kuchuchumaa. Zilipita wiki tatu hivi. Siku moja, bila mizani, aliandika chini, akafuta, akaandika tena, halafu akanitazama akaniuliza taratibu kama anaogopa jibu: "Ni sita?" Ilikuwa sita. Alikwenda akachota maji, akaoga, akavaa shati la kanisani, akakaa mlangoni kama mtu anayesubiri wageni. Sikumwona tena na uso ule.

Sasa nifike kwenye Jumapili yenyewe.

Ilibaki wiki moja kabla ya jaribio. Baada ya ibada walikuja kwetu fundi mkuu, mwalimu wangu wa hisabati, na majirani wawili watatu, mama akawapa togwa na viazi vya kuchemsha. Mazungumzo yalifika kwenye safari ya Arusha, na fundi mkuu akasema kwa utani, "Hebu tuonyeshe, mzee, tusije tukapeleka mtu wa kutuaibisha." Mwalimu akachukua kijiti, akaandika chini: 3x − 5 = 10.

Baba alichuchumaa. Aliifuata kwa kidole. Kisha akasema kwa sauti, ili wageni wasikie, "Hapa kwenye ekisi kuna tano. Tano naitoa. Nikiitoa huku, naitoa na kule." Akaandika 3x = 5. Akaanza kugawa tano kwa tatu, ikakataa. Akafuta, akarudia vile vile, ikakataa tena. Jasho likamtoka kwenye paji la uso.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama na birika la togwa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mwalimu wangu alikuwa pale, na nilitaka ajue kwamba mimi nalijua jibu. Nikacheka. Kisha nikasema, kwa sauti ya baba, kwa lafudhi yake ya Singida, nikivuta maneno kama alivyoyavuta yeye, "Ekisi, ekisi. Hata mtoto wa darasa la tano hakosei hivyo."

Watu wakaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya, ni kile cha watu walioshiba Jumapili. Baba naye alicheka. Akainuka, akaifuta hesabu kwa unyayo, akasema, "Samaki hukunjwa angali mbichi," na akamjazia mwalimu kikombe. Mwalimu ndiye pekee ambaye hakucheka. Alinitazama mara moja, akainamisha macho.

Kesho yake baba alipotoka kazini nilimngoja nje. Alipita, akaingia ndani, akalala kidogo. Siku iliyofuata alisema amechoka. Siku ya tatu niliiona mizani imetundikwa ukutani juu kabisa, mahali nisipofikia. Siku ya jaribio alibeba bomba lake kama kawaida akaenda shambani. Fundi mkuu alikuja kumuuliza, baba akamjibu kwamba kifua kinamsumbua na Arusha kuna baridi. Akapelekwa mtu mwingine. Nyumbani hakuna aliyelisema jambo hilo. Baba hakunipiga, hakunifokea, aliendelea kuniita mwanangu kama zamani. Ila hakuniuliza tena kitu chochote cha shuleni, na karatasi za chumvi aliacha kuzisoma kwa sauti.

Nilipomaliza darasa la saba nilichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, safari ya kutwa nzima. Baba alinibebea sanduku langu la bati hadi barabarani. Tulisimama muda mrefu, basi limechelewa, vumbi jekundu likitupiga. Maneno ya kumwomba radhi nilikuwa nayo mdomoni. Niliyapanga nikayapangua, nikajisemea nitayatamka basi litakapotokea kwenye kona. Basi likatokea. Kondakta akapaza sauti, sanduku likarushwa juu, na baba akasema tu, "Usicheleweshe watu, mwanangu. Panda."

Nilirudi likizo mara tano kabla hajafa. Kila mara kikohozi kilikuwa kirefu zaidi, na kila mara nikaahirisha. Barua ya msiba ilinifikia kidato cha tatu, akiwa amekwisha kuzikwa siku nne nyuma. Nilipofika, mama alinipeleka kwenye kaburi chini ya mikaratusi, na huko ndiko nilikomuuliza kama baba aliondoka na kinyongo juu yangu.

"Kinyongo hapana," mama alisema. "Aliona haya. Aliniambia, mtoto amesema kweli, mimi nilikosea."

Nikamwamini. Niliishi na maneno hayo miaka mingi, nikajifariji kwamba kosa langu lilikuwa ulimi tu, na hesabu yenyewe baba aliikosea. Nikawa mwalimu wa hisabati. Mwaka wangu wa pili kazini, nikiwa nimesimama ubaoni nikieleza mlinganyo wenye alama ya kutoa, mwanafunzi mmoja akafanya kile kile alichofanya baba. Nikataka kumsahihisha, nikaishusha chaki. Kwa sababu pale ndipo nilipoona. Mizani haiwezi kubeba maharage yaliyopungua. Wiki zote zile nilikuwa nimemfundisha baba kutoa tu. Mlinganyo wa namna ile, ambao sisi tulifundishwa darasani baadaye, sikumwonyesha hata siku moja, wala sikumwambia kwamba pakiwa na upungufu, unaongeza pande zote mbili. Alikuwa amechuchumaa mbele ya wageni akifanya sawasawa nilivyomwelekeza. Aliyekosea nilikuwa mimi, na yeye alikufa akiamini ni yeye.

Kambi imevunjwa. Shule yetu imejengwa upya, mwalimu yule alihamishiwa Wasso na sikupata habari zake tena, mama naye amekwisha kumfuata baba. Harufu ya maganda ya kahawa haipo upande ule, wala ukungu hauna nyumba za kupita katikati yake. Katika wote waliocheka na togwa mikononi, nimebaki mimi peke yangu ninayejua jibu lilikuwa tano.

Watu huniuliza nilianza lini kufundisha. Huwatajia mwaka niliotoka chuo na shule niliyopangiwa. Si kweli. Nilianzia mlangoni kwetu, nikiwa na miaka kumi na miwili, na mwanafunzi wangu wa kwanza, aliyejifunza kwa bidii kuliko wote nilionao kwenye kumbukumbu, nilimkatiza masomo kwa kicheko.